Ada ya Kugawa

"Dada, imekata!"

Mke mwenzangu aliita kutoka chumba cha cherehani. Mimi nilikuwa uani napepeta mbaazi. Nikadhani ni umeme, maana Newala umeme ukikatika watu hupashana habari kwa sauti, nyumba hadi nyumba, kama vile kuna asiyeona. Lakini redio ya jirani ilikuwa inaimba. Nikaweka ungo chini nikaingia. Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, mikono ameiinua juu kidogo, kama mtu aliyeonywa asiguse kitu.

Mtandao ule alikuwa anaupata kwenye simu yangu. Nikaitoa mfukoni, nikakuta ujumbe wa kampuni ya simu. Ulisema nimemaliza kiasi changu cha kugawa. Bando lililobaki ni la kutumia kwenye simu hii tu. Nikitaka kuendelea kugawia vifaa vingine, nilipie ada ya kugawa.

Mimi nimeishia darasa la saba, na nikisoma jambo nisilolipenda huwa nadhani sijalielewa. Nikampa asome yeye.

"Bando si limebaki?" nikamuuliza.

"Limebaki, Dada. Tena jingi."

"Sasa?"

"Sasa ni la kwako peke yako. Mimi simo."

Hiyo ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi asubuhi ndiyo alikuwa na mtihani.

Nieleze mtihani wenyewe, maana bila huo hasira yangu itaonekana ya mtu aliyekosa kazi. Mke mwenzangu, ambaye hapa nitamwita Mama Pacha kama mtaa mzima unavyomwita, alikuwa anasomea ualimu wa watoto wadogo, wale wa awali. Alisoma kwa mbali, chuo kiko mkoa mwingine, yeye yuko hapa na pacha wake wawili na kuni za kupasua. Kwao ni Chilangala, na huko wazazi walikuwa wamejenga darasa la awali kwa nguvu zao. Miaka miwili alifundisha pale kwa kujitolea. Kamati ya wazazi ikamwambia: cheti kikija, nafasi ni yako, kisipokuja mpaka shule zinafunguliwa, tutatafuta mwingine, watoto hawawezi kungoja. Mtihani wa kwanza ulimshinda. Huu ulikuwa wa pili, na wa tatu haukuwepo. Ukishindwa huo unaanza upya kama mgeni.

Na mtihani haukufunguka kwenye simu. Chuo kilitaka kompyuta. Kompyuta tuliipata, kuukuu, ilinunuliwa Masasi kwa fedha ya korosho za mume wetu, na hapo nimpe haki yake, hakunung'unika. Lakini kompyuta haina laini. Inakunywa kwenye simu. Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya hotspoti yangu, na mtandao ukikata zaidi ya dakika chache mtihani unajifunga wenyewe, hausikii hodi.

Sasa niseme kosa. Nilitafakari sana kama ni kosa langu au la kampuni, na mpaka leo naligawa.

Newala tuko juu, maji yako chini. Ukisimama ukingoni mwa mji unaliona bonde la Ruvuma limelala huko, la kijani, na wewe huku koo kavu. Kwa hiyo mwenye bati ana kisima cha saruji uani, anavuna mvua, na maji hayo ndiyo ya mwaka. Kisima chetu kina mfuniko wa chuma, na mfuniko ule mchana haufungwi. Hiyo ndiyo desturi niliyoikuta nilipoolewa hapa nikitoka Masasi. Jirani akiishiwa maji ya kunywa anaingia, anasalimia, anachota ndoo moja kwa ndoo ya mwenye nyumba, anaondoka. Huulizwi, hutoi sababu. Hata kikibaki cha kukwangua, ya kunywa hayanyimwi. Mtu akifunga kisima chake mchana, mtaa hausemi kitu, ila akifiwa atajua.

Basi siku Mama Pacha aliponionyesha namna ya kuwasha hotspoti, simu ikauliza kama nataka kuweka neno la siri. Nikamwambia weka hapana.

"Dada, watu wataingia."

"Waingie. Nani atafunga kufuli hewani?"

Ikauliza na jina. Nikaandika KARIBU.

Sikuona ubaya. Bando nalinunua mimi, kwa kushona sare. Wakija majirani jioni wakaegemea ukuta wetu, simu mkononi, nilifurahi, kusema kweli nilijiona mtu. Palikuwa na mzee mmoja, fundi mwashi aliyestaafu, nyumba yetu na yake zinatenganishwa na ua wa mabanzi. Alikuwa anakuja na kiti chake jioni kumpigia mwanawe aliyeko Msumbiji, wanaonana uso kwa uso, mzee anamwonyesha mwanawe mwezi utafikiri huko hakuna. Alikuwepo pia mtani wangu. Mimi ni Mmakua, yeye Mmakonde, na makabila yetu ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kunitukana saa yoyote, na saa zote aliitumia. Yeye aliangalia mapishi ya vyakula ambavyo hatapika maisha yake.

Hivyo kiasi cha kugawa, ambacho sikujua kama kipo, kilikwisha siku mbili kabla ya mtihani. Nani alikimaliza sijui. Sitasema ni majirani, maana pacha wetu nao walikuwa na katuni zao kwenye kisimu kibovu cha baba yao.

Usiku ule nilipiga huduma kwa wateja. Mashine ikaniambia nibonyeze moja, nikabonyeza. Nibonyeze nne, nikabonyeza. Ikanishukuru, ikaimba wimbo mpaka nikachoka. Nikasema kesho nakwenda Masasi, kwenye duka lao.

Mume wangu alisema nauli ya kwenda na kurudi ni kubwa kuliko hiyo ada yenyewe.

Alisema kweli. Nikaenda.

Kwa nini nilikwenda? Nilijiambia nataka kuhakikisha nikilipa hapatakuwa na jingine limejificha, Jumamosi likachomoza katikati ya mtihani. Hiyo ilikuwa sababu, na nzuri. Lakini ilikuwepo na nyingine: nilitaka mtu mwenye uso anieleze kwa nini kitu nilichokwisha kulipia natozwa tena kwa sababu nimempa mwenzangu.

Masasi ni kwetu, nimezaliwa pale chini ya yale majabali. Hata hivyo nilipoingia kwenye lile duka lenye vioo na ubaridi wa mashine niliona miguu yangu ina vumbi. Nikafikiri nitoke. Foleni ikasogea ikanisukuma mpaka mezani.

Binti aliyekuwa pale alisimama kunipokea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kugombana, ila sijui kama ni na wewe."

Akacheka. "Kaa kwanza, mama. Kugombana umesimama kunachosha."

Nikakaa, nikamweleza yote, mtihani, kompyuta, Chilangala. Alisikiliza bila kutazama kioo chake, nami sijasahau hilo. Kisha akasema, "Mama, mnara wenu ni mmoja na watu ni wengi. Bando lako tumelipigia hesabu ya mtu mmoja na simu yake. Ukigawia mtaa, mtaa mzima unapita mlango wa mtu mmoja, na wale waliolipia milango yao wanabanana."

"Nikinunua ndoo ya maji," nikasema, "aliyeniuzia ananiuliza nani atakunywa?"

"Haulizi."

"Basi."

"Ila mama, umesema unakaa Newala. Bibi yangu ni wa huko. Hebu niambie, pale kisimani kwenu, mtu akija na mapipa, anataka maji ya kufyatulia matofali, naye anachota bure?"

Watu wa foleni walikuwa wanasikiliza, na mzee mmoja aliyevaa kofia ya kiua nyuma yangu akasema taratibu, "Kakupata, mama."

"Anachangia," nikasema.

"Basi na sisi ndivyo tulivyofikiri."

Ningeweza kuacha kuandika haya, hakuna aliyekuwepo pale anayenijua. Lakini yule binti alikuwa na hoja. Desturi yetu ni ya maji ya kunywa. Ya matofali ina masharti yake, na sisi wenyewe ndio tulioyaweka.

Nikafikiri, nikaona bado kuna kitu kinanikwama. "Mwanangu, ni kweli. Ila wa matofali tunamwambia kabla hajatumbukiza ndoo. Hatumngoji ndoo ifike nusu ya kamba ndio tumshike mkono."

"Na sisi tulikwambia, mama." Akaomba simu yangu, akapekua. Ulikuwepo, ujumbe wa wiki nyingi nyuma, katikati ya matangazo ya bahati nasibu. Ulianza kwa kunipongeza kwa kuwa mteja bora. Jambo lenyewe lilikuwa mkiani, baada ya vigezo na masharti.

"Unaona?"

"Naona. Na wewe unaona limekaa wapi?"

Aliusoma tena mwenyewe. "Limekaa chini," akasema.

"Tena huu mgawo ni wa mtu mmoja kwa mtu mmoja," nikasema, maana nilikuwa nimeshapata pumzi. "Mke mwenzangu hakuja na pipa. Anatumia bando langu lilelile, kwa kiasi kilekile nilicholipia. Ningeangalia mimi kwenye simu lingekwisha sawasawa. Mnipimie kiasi, sikatai. Lakini mkishanipimia, niacheni nigawe."

Foleni nyuma yangu ikasema "Ehee!" na yule mzee wa kofia akasema, "Sasa kampata yeye."

Binti hakukasirika. Alisema si yeye aliyepanga, wala si meneja wake, waliopanga wako mbali, lakini anaweza kupeleka malalamiko yangu kama nilivyosema. Akayachapa palepale, akanisomea, na alikuwa hajapunguza neno. Nilisikia maneno yangu kwa sauti ya mtu aliyesoma na nikashangaa yamesimama. Huwa nikisema jambo naona limeanguka kabla halijafika.

Ada nililipa. Akanihakikishia kwamba nikilipa hakuna jingine hadi mwezi uishe, ila akaongeza, "Weka neno la siri, mama. Usipoweka, mpaka kesho asubuhi watakuwa wamekumaliza tena, na huyo mwalimu atakosa."

"Kwetu hatufungi."

"Hata siku moja?"

Nilirudi njia nzima nikilifikiria hilo. Gari lilipanda mlima, upepo ukawa baridi, na mimi nawaza namna ya kuwaambia majirani. Kampuni nilikuwa nimeweza kuiambia maneno magumu bila taabu, maana haina uso. Majirani nitakutana nao kwenye misiba.

Nilifikiri pia nifunge kimyakimya, wakiuliza nisingizie simu mbovu. Nikaona hapana. Mtu akija kuchota akakuta kufuli bila kuambiwa, hiyo ndiyo aibu yenyewe, na tena ndilo jambo nililotoka kuilaumu kampuni. Jioni walipokuja ukutani nikatoka nikawasalimia, nikawaambia: leo na kesho nafunga, Mama Pacha ana mtihani, kiasi cha kugawa kina mwisho wake, nami sikujua. Nikasema pia kwamba simlaumu mtu.

Kisha mtani wangu akapiga makofi.

"Jamani njooni muone! Mmakua kashindwa kufunga maji, sasa anafunga hewa!"

"Hewa yenyewe ya kununua, mtani."

"Utakufa nayo! Tutakuzika na hiyo simu, usije kutudai bando kaburini."

"Mkinizika nitawawashia hotspoti hukohuko, mje mkeshe makaburini na mapishi yenu."

Watu wakacheka, wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakimtakia Mama Pacha heri. Lakini yule mzee fundi mwashi hakucheka. Alisema, "Haya, mama, sawa," akakunja kiti chake akaingia kwake. Mwanawe alikuwa anangoja Msumbiji. Ilinichoma, maana alikuwa na haki ya kuumia kama mimi nilivyokuwa na haki ya kufunga. Hivi hutokea, haki mbili zikakaa ukuta mmoja.

Ndani, Mama Pacha alikuwa amesikia. "Dada, si ungeacha tu. Sasa watanisema mimi."

"Wakuseme ukiwa mwalimu."

Aliinama akawa anapanga kalamu zake, ambazo kwenye kompyuta hazikuwa na kazi.

Watu hutaka kujua kama ninampenda. Wanaulizia pembeni: mnaelewanaje? Jibu langu huwa fupi. Alipoletwa sikufurahi, naye alijua, tukaishi. Tunapika zamu, tunanuniana zamu. Lakini nimewahi kumwona saa ya kupika akiwa na karatasi za masomo amezibandika kwa ugali kwenye ukuta wa jiko, moshi unamtoa machozi, anasoma kwa sauti namna mtoto wa miaka minne anavyojifunza kuhesabu kwa mbegu za mabibo. Sikuwahi kumwona mtu anataka kitu namna ile. Mimi mwenyewe sikuwahi kutaka kitu namna ile. Siwezi kusema ni mapenzi. Nilitaka apate, basi.

Jumamosi tuliamka mapema. Simu yangu hushika mtandao vizuri mahali pamoja tu, kwenye kizingiti cha dirisha la chumba cha cherehani, upande wa kaskazini. Niliiweka pale, nimeiunga kwenye umeme, nikavuta kigoda nikakaa karibu. Nilikuwa nimewapigia ndugu zangu wote kuwaambia leo nisipigiwe, maana simu yangu ikipokea mlio mtandao unakatika. Mume wetu alikwenda ghalani kwenye korosho na pacha tukawapeleka kwa mtani.

Mtihani ukafunguka. Mama Pacha akasema Bismillahi, akaanza.

Kazi yangu ilikuwa kukaa. Ni kazi ngumu kwa mtu asiyezoea kukaa. Nilitazama vile vijistari vya mtandao kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Nilisikia vidole vyake: haraka, kisha kimya, kisha haraka. Mahali fulani alikaa kimya muda mrefu, nikataka kumuuliza kulikoni, nikajiziba mdomo.

Ndipo wingu likatanda. Mvua ya kwanza haikutarajiwa siku ile, tulizoea ichelewe zaidi. Upepo ukaja na vumbi jekundu, kisha matone, kisha bati lote likaunguruma.

Mtu asiye wa Newala hataelewa mvua ya kwanza. Haiingizwi kisimani. Bati limebeba kiangazi kizima, vumbi, majani ya mikorosho, kinyesi cha ndege. Kwa hiyo inabidi mtu atoke mbio ageuze mfereji pembeni, maji machafu yamwagike uani, asimame alitazame bati mpaka maji yatoke meupe, kisha aurudishe mfereji kisimani kabla mvua haijakata. Ukichelewa kugeuza umechafua maji ya mwaka. Ukichelewa kurudisha umemwaga maji ya mwaka. Na mfereji wetu ulikuwa umeelekea kisimani, mfuniko wazi.

Nikanyanyuka. Palepale vistari vikashuka. Kwenye kioo cha kompyuta kile kiduara kikaanza kuzunguka.

"Dada," akasema, bila kugeuka.

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa, kwani kukaa kwangu hakuushiki mtandao. Lakini nilifikiri simu ikidondoka kwa upepo, mlio ukiingia, umeme ukikata, ni nani yupo? Nikashika simu kwa mikono yote miwili pale kizingitini, mvua inanirushia usoni, nikasema moyoni kisima na kichafuke.

Nikasikia mlango wa ua unasukumwa. Nikachungulia. Yule mzee fundi mwashi alikuwa anapita uani anakimbia namna wazee wanavyokimbia, magoti hayakunjiki, kanzu ameikunja kiunoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfereji, akauvuta pembeni, maji yakamwagika mekundu kama chai. Akafunika kisima. Kisha akanitazama dirishani.

"Usitoke, mama!" akapaza sauti. "Wewe kaa hapohapo!"

Nyuma yake akaja mtani wangu, mfuko mtupu wa salfa ya mikorosho amejifunika kichwani, pacha mmoja mgongoni, mwingine kamwacha wapi sijui. "Mmakua kakaa dirishani kama bi harusi," akapiga kelele, "sisi tunachapwa mvua kwa ajili yake! Tutakuja na hesabu!"

"Punguza sauti, kuna mtihani!" mzee akamgombeza.

"Mvua yote hii, sauti yangu ndiyo itamfelisha?"

Walisimama pale, wanalitazama bati. Mzee alikinga mkono chini ya mfereji, akatazama maji, akatikisa kichwa, bado. Akakinga tena. Mwisho akafunua kisima akarudisha mfereji, nikasikia yale maji yanaanguka ndani, sauti nzito ya kisima kitupu.

Kile kiduara kilikuwa kimeacha kuzunguka. Sikuona kimeacha lini. Nilisikia tu vidole vyake vimerudi.

Alipomaliza hakusema amemaliza. Alifunga kompyuta polepole, akaweka kichwa juu yake. Simu ilikuwa ya moto mikononi mwangu kama kiazi cha majivuni. Mvua ilikuwa imepungua, na mzee na mtani walikuwa wamekaa barazani, wamelowa, wanakula ming'oko, vile viazi vya porini, niliyokuwa nimeiacha kwenye sufuria bila kunikaribisha.

Jioni ile nilimpelekea mzee neno la siri. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi ya kukatia vipimo. Mtani naye akalitaka, nikampa, nikamwapisha asimwambie mtu. Siku hizi linajulikana mtaa mzima. Ila jioni wananiuliza kwanza: Mama, leo kipo cha kugawa? Nikisema hakipo, wanaangalia mwezi. Na kampuni iliniletea ujumbe kwamba imepokea maoni yangu na inayathamini. Ada ipo bado. Nailipa mwezi unaponiruhusu, na kila nikiilipa nasema si haki, kisha nakumbuka matofali, nasema labda nusu ni haki. Ile nusu nyingine nitaendelea kuidai.

Majibu yalikuja kwenye simu yake mwenyewe, mimi nikiwa napiga pasi sare. Alikuja akasimama mlangoni na simu, akashindwa kusoma. Nikamsomea. Alikuwa amefaulu, tena si kwa kuponea chupuchupu. Alikaa chini sakafuni palepale, kati ya vipande vya vitambaa, akalia, na mimi nikaendelea kupiga pasi maana nilikuwa naunguza kola. Halafu nikazima pasi.

"Baba yao umeshamwambia?" nikamuuliza.

"Nimeanza na wewe."

Shule zilipofunguliwa alihamia Chilangala kwa mama yake siku za kazi, na wiki ya kwanza nikampelekea unga na magauni mawili niliyomshonea, ya kazini, yenye mifuko ya kuwekea chaki. Nilifika darasani bila kupiga hodi. Nilisimama nje, kwenye dirisha lisilo na kioo, pamoja na mama mmoja aliyekuwa amemleta mjukuu wake na hajataka kuondoka.

Ndani watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Mama Pacha alikuwa amepiga magoti katikati yao, anahesabu mbegu za mabibo. Anaweka mbegu, anawatazama, anangoja. Hakuwaharakisha. Mtoto mmoja akakosea, wenzake wakacheka, na yeye akasema, "Tumngoje, anafika." Yule mtoto akafika. Wote wakasema "Mwalimu! Mwalimu!" kila mmoja anataka zamu yake.

Yule mama pembeni yangu akanigusa bega. "Anajua kufundisha huyu. Ni nani wako?"

"Ni mke mwenzangu."

Akacheka, akanipiga kidogo mkononi. "Acha utani, dada. Nakuuliza kweli. Mdogo wako?"

"Mke mwenzangu," nikasema tena, na sijui kwa nini nililisema kwa sauti kubwa hivyo, hata watoto waliokuwa karibu na dirisha wakageuka, na mwalimu wao akainua uso.

Nikamwonyesha magauni.